Mbwa Anasumbua Nyumbani: Dalili Moja, Sababu Nyingi

Mkojo mmoja sakafuni unaweza kuwa na sababu sita. Mbwa wa kwanza ni mtoto, kibofu chake hakijakomaa. Wa pili anaumwa. Wa tatu anaogopa, wa nne amefurahi kupita kiasi, wa tano anaweka alama ya umiliki, na wa sita amezeeka hadi amesahau mlango uko wapi. Mwenye kuwachapa wote sita atakuwa amemwonea kila mmoja wao, na sakafu itabaki na mkojo.

Kwa hiyo usianze na dawa, anza na daftari. Kwa wiki moja, kila kero inapotokea andika mambo matatu: ilikuwa saa ngapi na nani alikuwepo, ilitokea sehemu gani ya nyumba, na nini kilifuata mara tu baada yake. Swali la tatu ndilo wengi hulisahau, na ndilo lenye majibu mengi. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafungia paka kwenye masanduku yenye kitasa na kuweka chakula nje. Paka alihangaika, akakwangua, akasukuma, hadi kwa bahati akagusa kitasa na mlango ukafunguka. Kadiri alivyorudishwa sandukuni, ndivyo alivyoacha mahangaiko yasiyozaa kitu na kukiendea kitasa mapema zaidi. Mbwa naye yuko hivyo. Tabia inayodumu ina malipo mahali fulani: chakula, kuguswa, kuangaliwa, kuona mgeni akiondoka, kupungukiwa na hofu. Ukiona tabia haiishi, tafuta nani anailipa. Mara nyingi utakuta mlipaji anaishi humo humo ndani.

Kuna jambo moja linalotangulia hata daftari. Tabia ikibadilika ghafla kwa mbwa ambaye hakuwa na shida, mwone kwanza daktari wa mifugo. Sikio lenye usaha humfanya aume mkono unaompapasa kichwani. Nyonga inayouma humfanya angurume anaposogezwa alipolala. Hana njia nyingine ya kusema, na hakuna mafunzo yanayotibu maumivu.

Anakojoa au kunya ndani

Tuanze na mtoto wa mbwa. Kipimo cha kukadiria ambacho wafugaji wengi hutumia ni umri wake kwa miezi, ongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia kwa juu kabisa. Wa miezi 2 ni saa 3, wa miezi 3 ni saa 4, tena akiwa ametulia. Akiwa anacheza, hesabu hiyo haina maana. Anaweza kukojoa mara mbili ndani ya nusu saa. Kwa hiyo ikiwa mtoto wa miezi 2 anaachwa peke yake tangu asubuhi hadi jioni na unakuta madimbwi, hakuna kosa la mbwa hapo. Ni ratiba ndiyo imeshindikana.

Mtoe nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza kucheza, na kabla ya kulala. Usiku pia amka naye walau mara moja kwa wiki za mwanzo. Toka naye wewe mwenyewe, usimfungulie tu mlango, kwa sababu malipo lazima yaje pale pale anapomaliza: sifa na kipande kidogo cha nyama ndani ya sekunde moja au mbili. Akirudi ndani ndipo apewe, atajua amelipwa kwa kurudi ndani. Na akishamaliza, mwache anuse na kucheza kidogo. Watu wengi humrudisha mbwa ndani mara tu anapokojoa, naye hujifunza kwamba kukojoa kunamaliza matembezi, basi hujibana nje na kufungulia akifika ndani.

Ukimkuta amekojoa na hukumwona akifanya hivyo, safisha, basi. Usimburute kumwonyesha, wala usimpake pua kwenye mkojo. Watu husema, "Anajua kosa lake, mwone anavyofyata mkia." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio lililopima jambo hili hasa. Mbwa walikatazwa kipande cha chakula, mwenye mbwa akatoka, kisha aliporudi aliambiwa mbwa wake amekula au hajakula, na wakati mwingine maelezo hayo hayakuwa ya kweli. Ule "uso wa hatia" ulionekana zaidi pale mwenye mbwa alipokaripia, hata kama mbwa hakula chochote. Mkia uliofyatwa unajibu sauti yako na sura yako ya sasa. Hauzungumzii jambo la saa mbili zilizopita.

Namna ya kusafisha nayo ina uzito. Pua ya mbwa hurudi palipo na harufu ya mkojo hata kama wewe huisikii. Tumia sabuni yenye vimeng'enya, ambavyo huuvunjavunja mkojo wenyewe, na epuka dawa za kusafishia zenye amonia kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo. Nimeona nyumba ambamo kona moja ya zulia ilikojolewa kwa miezi, na shida yote ilikuwa ni dawa ya kusafishia.

Sasa mbwa mkubwa aliyekuwa msafi akaanza ghafla. Hapa nina la kukiri. Nilikuwa na mbwa jike mwenye umri wa miaka 9 ambaye hakuwahi kuchafua ndani tangu utoto wake. Akaanza kukojoa usiku karibu na mlango, mkojo mwingi. Nilimkaripia karibu wiki mbili. Sikuwa nimetazama kwamba bakuli lake la maji lilikuwa likikauka mara mbili kwa siku. Alikuwa na kisukari. Wiki zile mbili alikuwa akiufikia mlango kwa jitihada zake zote, akikosa wa kumfungulia, na asubuhi anakutana na makaripio. Bado linaniuma. Kunywa maji kupita kawaida, kukojoa kidogo kidogo kwa kujikamua, damu kwenye mkojo, au kuvuja akiwa usingizini ni dalili za kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo ikiwezekana. Inaweza kuwa maambukizi ya kibofu, mawe, figo, kisukari, au kwa jike aliyeondolewa kizazi, kulegea kwa misuli inayofunga mkojo. Mengi ya hayo yana tiba.

Akiinama, akilaza masikio na kuvuja mkojo mtu anapomsalimia, huyo hakukusudia. Ni ishara ya kujinyenyekeza, na kumkaripia kunaongeza kile kile kinachomfanya avuje. Msalimie kwa upande bila kumwinamia, kwa sauti ndogo, ikiwezekana nje. Wengi hukua wakaiacha. Akivuja huku anarukaruka kwa furaha, fanya vivyo hivyo: ingia kimya, toka naye nje kwanza, salamu baadaye.

Mkojo mchache, umerushwa juu ya mguu wa kiti, pazia au begi la mgeni, mara nyingi huwa ni alama. Huzidi nyumba inapoingiwa na kitu kipya, kama mtoto, mbwa mwingine au samani. Kuhasi hupunguza jambo hili kwa madume wengi, lakini aliyelizoea kwa miaka anaweza kuendelea hata baada ya kuhasiwa, maana sasa ni mazoea. Msimamie kwa macho, mzuie kufika sehemu anazozipenda, safisha kwa vimeng'enya.

Mbwa mzee anayetazama ukuta, anayezunguka usiku na kulala mchana, anayesimama upande wa bawaba akisubiri mlango ufunguke, anaweza kuwa akipoteza kumbukumbu kama wazee wa watu. Mrudishie ratiba ya mtoto mchanga na zungumza na daktari. Zipo dawa na vyakula vinavyosaidia baadhi yao.

Anatafuna na kuharibu vitu

Tazama umri, kisha tazama alichoharibu.

Akiwa kati ya miezi 3 na 7, anabadilisha meno. Meno 28 ya utotoni yanang'oka na 42 ya ukubwani yanaota, na fizi zinawasha. Huwezi kumzuia kutafuna, unaweza tu kuchagua atafune nini. Kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friji humpoza. Viatu na nyaya za umeme viondoke sakafuni, kwa sababu kila kiatu anachofanikiwa kutafuna ni somo. Akishika kisichofaa, mpe kinachofaa wabadilishane. Usimkimbize. Kumkimbiza mbwa mwenye soksi mdomoni ni mchezo mtamu kuliko yote anayoijua, na kesho atakuja na soksi nyingine kukukaribisha.

Akiwa na mwaka mmoja na anaharibu chochote, popote, hata ukiwa nyumbani, huyo hana kazi. Hapa watu hufikiria kumkimbiza hadi achoke. Mazoezi ya mwili yanasaidia, lakini kazi ya pua inamtuliza zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Tawanya chakula chake kwenye nyasi badala ya bakuli. Kifiche ndani ya maboksi. Akitembea nje, mwache anuse anapotaka, hata kama mtamaliza mtaa mmoja tu kwa dakika 20.

Uharibifu ukiwa umekusanyika mlangoni na madirishani, tena ukitokea tu wakati hakuna mtu, hapo tuna jambo zito zaidi na lina kichwa chake.

Anapoteza utulivu akiachwa peke yake

Majirani wanasema analia. Mlango una mikwaruzo. Pengine kuna mkojo, ingawa mbwa huyo huyo ni msafi ukiwepo. Ukirudi anakupokea kama uliyefufuka.

Weka simu imrekodi. Usikisie. Mbwa aliyechoshwa na upweke kwa kawaida hulala kwanza, halafu baada ya saa moja au mbili anaanza kutafuta la kufanya. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, wengine hata kabla mlango haujafungwa: anahema, anazunguka, anadondosha mate, anabweka kwa sauti ya juu isiyobadilika, hagusi hata nyama uliyomwachia. Kukataa chakula ni ishara kubwa. Mwenye hofu ya kweli hali.

Huyu si mkorofi na hakulipizii kisasi. Amepatwa na taharuki, na adhabu unayompa ukirudi inamfundisha kitu kimoja, kwamba kurudi kwako nako kunatisha. Kumfungia kwenye kizimba pia kunaweza kumzidishia; wapo waliovunja meno kwa kung'ata vyuma.

Kinachofanya kazi ni kumzoesha kwa vipimo vidogo sana ambavyo havimfikishi kwenye hofu. Kwanza vunja dalili za safari. Shika funguo, kaa uendelee na shughuli zako. Vaa viatu, pika. Fanya hivyo mara nyingi hadi funguo zisiwe na habari yoyote kwake. Kisha toka kwa sekunde 5, rudi bila sherehe. Sekunde 10. Sekunde 5 tena. Dakika moja. Usipandishe kila mara, changanya mirefu na mifupi, na mtazame kwenye simu: akianza kuhema, umekwenda haraka, rudi nyuma. Inachukua wiki, mara nyingi miezi. Na kipindi chote hicho asiachwe muda unaozidi uwezo wake, hata kama ni lazima kuomba ndugu au rafiki akae naye, kwa sababu taharuki moja kubwa inaweza kubomoa kazi ya siku nyingi. Najua sharti hili ndilo gumu kuliko yote. Wanaolishindwa mara nyingi ndio hao ambao baadaye husema mafunzo hayafai.

Hali ikiwa nzito, daktari anaweza kumwandikia dawa za kupunguza hofu ili aweze kujifunza. Kumpa dawa si kushindwa. Kumwongezea mbwa mwenzake, kwa upande mwingine, mara nyingi hakutibu, maana anayemkosa ni mtu.

Anabweka bila kukoma

Sikiliza na utazame mwili. Anabweka akitazama nje ya dirisha, masikio mbele? Anatangaza wapita njia. Kila mpita njia huondoka, kwa hiyo kwa hesabu yake amefaulu kuwafukuza wote, na kesho ataongeza bidii. Ziba sehemu ya chini ya dirisha. Kisha mfundishe kwamba akibweka mara mbili na kuja kwako akiitwa, analipwa. Wewe ukimpigia kelele kutoka chumba cha pili, anachosikia ni kwamba na wewe umejiunga kubweka.

Anabweka akikutazama machoni, akiwa amekaa mbele ya bakuli, mlango au mpira? Anadai. Dawa yake ni kutolipa kabisa: usimtazame, usimwambie nyamaza, usimsukume, kwani hata kusukumwa ni kuguswa. Akinyamaza sekunde tatu, mlipe kwa ajili ya huo ukimya. Onyo muhimu: siku za kwanza atabweka zaidi ya zamani. Ndivyo tabia inavyofanya malipo yanapokatika. Hupanda kabla ya kushuka. Ukivumilia dakika tisa na kumpa mpira ya kumi ili upate kupumua, umemfundisha kwamba bei ya mpira ni dakika kumi. Malipo ya kubahatisha ndiyo yanayokaza tabia kuliko ya kila mara. Ndiyo maana mtu mmoja wa nyumba anayemwonea huruma mara mojamoja anaweza kuiharibu kazi ya wengine wanne.

Mtoto wa mbwa aliye mgeni nyumbani, anayelia usiku siku za kwanza, si mdai. Ametengwa na mama na ndugu zake kwa mara ya kwanza. Mlaze karibu na kitanda chako, ashushiwe mkono, umsogeze mbali polepole kwa siku kadhaa. Hutamwendekeza kwa kumtuliza. Hofu haiongezeki kwa kufarijiwa. Hilo hilo linamhusu mbwa anayetetemeka kwa radi.

Anarukia watu

Anataka kuifikia sura yako, na kila anayemsukuma chini kwa mikono humpa alichofuata. Geuka pembeni, mikono kifuani, kimya. Miguu yake minne ikigusa chini, msalimie hapo chini. Ugumu uko kwa wageni, hasa yule anayesema "niache tu, mimi napenda mbwa." Kwa hao mfunge kamba kabla ya mlango kufunguliwa, uikanyage kamba kwa urefu unaomtosha kusimama lakini si kuruka. Mfundishe "kaa" kuwa ndiyo salamu. Hawezi kukaa na kuruka kwa wakati mmoja.

Anang'ata mikono kwa mchezo

Watoto wa mbwa hujifunza kupima nguvu ya meno kwa ndugu zao. Anayeuma sana hukuta mchezo umekwisha. Ndiyo sababu mojawapo ya kutomtenga na mama kabla ya wiki 8. Nyumbani iga kanuni hiyo: jino likigusa ngozi kwa nguvu, mchezo unasimama, unaondoka sekunde 20, unarudi. Na kabla ya kudhani ana ukali, hesabu usingizi wake. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Yule anayeanza kuuma vifundo vya miguu kila jioni kama aliyepagawa, mara nyingi amechoka na hajui kwamba amechoka. Mpeleke pa kulala penye kimya.

Ananguruma akila, au akiguswa

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu makosa yake huishia hospitalini.

Ngurumo ni onyo, na onyo ni zuri. Mbwa anayenguruma anakupa nafasi. Ukimpiga kwa kunguruma, hukuondoa hofu wala hasira, umeondoa kengele tu. Wengi wa wale wanaosemwa "aliuma ghafla bila dalili" walifundishwa kunyamaza. Na hata kabla ya ngurumo huwa kuna lugha: kugeuza uso, kulamba pua pasipo chakula, kupiga miayo pasipo usingizi, kuonyesha weupe wa jicho, na ule mkao wa kuganda mwili mzima kwa sekunde moja. Mbwa akiganda, simama, kisha jitenge.

Anayelinda bakuli anaogopa kunyang'anywa. Kumnyang'anya ili ajue nani mkubwa kunathibitisha hofu yake. Fanya kinyume: pita mbali na bakuli, umbali ambao bado anakula kwa utulivu, urushie kipande kitamu kuliko alichonacho, uende zako. Siku kwa siku sogea kidogo. Lengo ni akuone unakuja na moyo wake useme "kinaongezeka", badala ya "kinaondoka". Akiwa ameshauma, au kuna watoto wadogo nyumbani, usijifunzie mwenyewe. Tafuta mtaalamu wa tabia anayefanya kazi pamoja na daktari wa mifugo, na mbwa ale nyuma ya mlango uliofungwa kuanzia leo.

Wengi bado wanaambiwa wamlaze mbwa chali na kumkandamiza ili wawe "kiongozi wa kundi". Wazo hilo lina historia. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel, mtafiti wa tabia za wanyama, aliandika kuhusu mbwamwitu waliofungwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wakigombea vyeo. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu wa Marekani, alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha 1970. Kisha Mech huyo huyo, baada ya kuwatazama mbwamwitu huru kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi, hawakushinda vita yoyote. Kumlaza chali mbwa anayeogopa kunakuletea meno usoni.

Na kichaa cha mbwa kisisahaulike. Mbwa asiye na chanjo anayebadilika ghafla, akawa mkali au mpole isivyo kawaida, sauti ikabadilika, akadondosha mate na kushindwa kumeza, asiguswe; wahusika wa mifugo waitwe. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri dalili, kwa sababu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Madogo madogo

Anachimba: pengine anatafuta ubaridi wa udongo, au ananusa panya, au jike anaandaa kiota. Chini ya uzio ni kutoroka, uliza anakwenda wapi. Mpe sehemu yake ya kuchimba yenye kivuli.

Anaiba mezani: usiache chakula, na asilishwe na yeyote mezani. Chokoleti, zabibu, vitunguu na chingamu zenye zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwake, kwa hiyo wizi mmoja tu unaweza kumuua.

Anakula kinyesi: kwa watoto ni kawaida na wengi huacha. Kiokote mara moja. Kwa mkubwa aliyeanza ghafla na anakonda, pima minyoo na usagaji wa chakula.

Umefanya yote na habadiliki

Kagua ufundishaji wenyewe. Malipo yanachelewa? Neno ni moja, au baba anasema "shuka", mama "toka hapo" na watoto "acha"? Unachompa kina thamani kwake, au ni kile kile kilichojaa bakulini? Unamfundisha dakika 40 mfululizo? Dakika 3 hadi 5, mara kadhaa kwa siku, zinatosha, na maliza wakati bado anataka.

Sababu inayopotosha wengi ni hii: "Anajua kukaa, ni mkaidi tu." Anajua kukaa jikoni, ukiwa umesimama, hakuna mtu mwingine. Getini, mbele ya paka, hilo kwake ni somo jipya kabisa. Mbwa hawahamishi somo kirahisi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Lirudie kila chumba, kila mkao, kisha uani, kisha getini, kila mara ukianza kwa urahisi na malipo mazuri.

Umri si kikwazo. Ni kweli wiki ya 3 hadi ya 14 ndizo bora za kumzoesha watu, sauti na mahali mbalimbali, na mbwa aliyezikosa anaweza kubaki na woga fulani maisha yake. Lakini "samaki mkunje angali mbichi" isiwe hukumu ya kifo kwa mbwa wa miaka 7 aliyekuja kwako na tabia za nyumba nyingine. Nimewaona wakijifunza kukojoa nje kwa wiki mbili, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alitoka nao.

Baada ya wiki tatu fungua daftari lako la mwanzo. Hesabu: wiki ya kwanza alibweka dirishani mara ngapi kwa siku, na sasa mara ngapi? Ikiwa idadi imeshuka, hata kidogo, endelea na njia hiyo hiyo. Ikiwa imebaki pale pale, umekosea sababu. Rudi kwenye dalili, usome upya nini kinafuata mara tu baada ya kila tukio.